Isyo Ndani ya Friza: Usalama Huanzia Ghalani

Chungu cha isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe wa Wakamba, hakina haraka. Mahindi makavu na maharagwe ya msimu uliopita huweza kukaa motoni saa tatu, nne, wakati mwingine hata zaidi, na mpishi wa Wote au Mwingi anayefika nyumbani saa kumi na mbili jioni hana saa hizo. Ndiyo maana nyumba zenye friza katika miji ya Ukambani, na za Wakamba waishio Nairobi, zimejizoeza mpango huu: isyo au muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, huchemshwa kwa sufuria kubwa Jumamosi, hugawanywa kwenye mikebe, kisha huingizwa kwenye baridi. Jumanne jioni mkebe mmoja hutolewa, kitunguu na nyanya hukaangwa, na watu wanakula kabla ya taarifa ya habari ya saa moja.

Hesabu ya moto peke yake inatosha kueleza mpango huu. Maharagwe yaliyokaa miezi mingi mahali penye joto huwa magumu, yakachelewa kuiva hata yakilowekwa usiku kucha, na joto halijawahi kuadimika Kibwezi wala Mutomo. Kuni zimepungua. Mkaa nao uliingia kwenye siasa: Januari 2018 gavana wa Kitui wa wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku usafirishaji wa mkaa nje ya kaunti, na mwezi uliofuata serikali ya kitaifa ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Anayepikia gesi naye huutikisa mtungi kila mara akijiuliza kama utamaliza wiki. Kuchemsha kwa mkupuo chakula cha siku nne hupunguza gharama hiyo kwa kiasi kinachoonekana, na hakuna mpishi wa Ukambani anayehitaji kufundishwa hilo.

Linalohitaji kuchambuliwa ni usalama. Friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri huzuia vimelea kuongezeka. Haiviui vyote, wala haigusi sumu iliyokwisha kuzalishwa kabla chakula hakijaganda. Ni kama karani wa stoo: hupokea alicholetewa, hukifungia, na hukirudisha vile vile. Kwa hiyo anayeuliza kama isyo ya friza ni salama hana budi kuuliza kwanza ilipitia wapi kabla ya kufika humo. Kitui na Makueni swali hilo lina uzito ambao sehemu nyingine hazina.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2004, hospitali za wilaya hizo mbili zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na maini yaliyoshindwa kufanya kazi. Kufikia Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walikuwa wamekufa. Karibu wanane katika kila kumi walitoka Makueni na Kitui. Chanzo kilikuwa aflatoksini, ambayo Watanzania huiita sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus kwenye mahindi yenye unyevu. Wachunguzi wa Kenya na wenzao kutoka kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake katika masoko 65 ya mashariki mwa Kenya. Zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo, yaani sehemu 20 katika kila bilioni. Sampuli 7 katika kila 100 zilipita sehemu 1,000.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 Makueni ilishaona ugonjwa huo huo: wagonjwa 20, vifo 12. Baada ya 2004 visa vilirudi tena mwaka uliofuata na mwaka 2006. Mwaka 2016 Tanzania nayo ikapatwa, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo kwa ukame na kwa kilimo inafanana sana na Ukambani. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi zilizokuwa madukani kwa sababu ya sumu hiyo, na wakazi wa Nairobi wakatambua kwamba jambo hili halikuwa la vijijini tu.

Lililojitokeza katika uchunguzi wa 2004 linamhusu moja kwa moja anayechemsha chakula cha wiki. Mvua zilinyesha wakati usiofaa, mavuno yakaingia yakiwa mabichi. Watu waliokwisha kuonja njaa waliogopa wezi, wakayahifadhi mahindi ndani ya nyumba wanamolala, mahali pasipo na hewa ya kutosha. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizougua na ambazo hazikuugua, kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kulijitokeza kuwa hatari kubwa. Chungu hakingeweza kuwaokoa. Aflatoksini huhimili joto la kuchemsha na kubaki na nguvu yake, kwani huanza kuvunjika vizuri kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, ambalo hakuna sufuria ya maji inayolifikia. Baridi nayo haiifanyi chochote. Isyo iliyopikwa kwa mahindi yenye sumu hukaa kwenye friza miezi mitatu ikiwa na sumu ile ile.

Hapa muthokoi inastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, maana ni chakula ambacho Wakamba walikipa ulinzi fulani muda mrefu kabla ya maabara kuwepo. Mahindi hunyunyiziwa maji, hutwangwa kwenye kinu kwa mchi mpaka ganda litoke, kisha hupepetwa. Siku hizi mashine za kukoboa zinafanya kazi hiyo sokoni, na muthokoi iliyopakiwa huuzwa hata kwenye supamaketi za Nairobi. Sehemu kubwa ya kuvu hukaa kwenye ganda na kiini, vitu viwili vinavyoondoka wakati wa kukoboa. Watafiti wa Kenya waliochapisha matokeo yao mwaka 2008 walipima jambo hili na kuona kwamba kukoboa kulipunguza aflatoksini kwa karibu nusu kwa wastani, ingawa matokeo yalitofautiana sana kutoka sampuli moja hadi nyingine. Kuloweka katika maji yenye magadi kuliipunguza zaidi.

Habari hiyo ni njema, lakini isichukuliwe kuwa kibali. Nusu ya sumu nyingi bado ni sumu nyingi. Tena pumba zinazotoka kwenye kukoboa zinabeba kile kilichoondolewa, na mara nyingi huishia kwa kuku au kwa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo hurudi kwenye chai ya nyumba ile ile.

Kazi ya kweli basi iko kwenye ukavu. Mahindi ya kuhifadhi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mkulima asiye na kipimo cha kielektroniki ana njia moja ambayo maafisa wa kilimo wameifundisha miaka mingi, na inafaa ifahamike hata na anayenunua kwa gorogoro sokoni. Huchukuliwa chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ikatiwa mahindi hadi theluthi, kisha vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Chupa hufungwa na kutikiswa kwa dakika moja, halafu huachwa itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Ikianguka chini yote bila kushika kioo, yamekauka kiasi cha kuhifadhiwa. Gharama yake ni chumvi tu, na chumvi yenyewe ikianikwa hutumika tena.

Mengine yanajulikana ila hayafuatwi na wote: kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kutumia mifuko isiyopitisha hewa inayowanyima wadudu na kuvu pumzi, na kuchambua. Kuchambua kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sumu haijagawanyika sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu huweza kubeba sehemu kubwa yake. Shambani kwenyewe kuna Aflasafe, mbegu za mtama zilizopakwa kuvu wa aina isiyotoa sumu ili wachukue nafasi ya wale wabaya. Inayotumika Kenya hutengenezwa katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, kilichoko Katumani, Machakos, jirani kabisa na kaunti hizi mbili. Na kwa kuwa mvua za vuli, za Oktoba hadi Disemba, ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani, wakati wa kuwa macho ni Januari na Februari, mavuno yanapoingia.

Tukubali sasa kwamba mahindi ni safi. Chungu kinaingia, na chungu nacho kina masharti. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo mchemko mkali huiharibu na moto hafifu huiacha, hata kuiongezea makali. Yanahitaji kutokota kwelikweli kwa dakika kumi kwa uchache, na wengi hushauri nusu saa. Miji ya Kitui na Wote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo hiyo nusu saa ndiyo ya kushika. Kwa mila ya Ukambani hili si tatizo, maana isyo hutokota saa nyingi. Tatizo huja kwa anayetaka kufupisha: anayeyachemsha maharagwe kidogo tu, anayazima, na kupanga kuyamalizia siku ya kula. Maharagwe ya friza yaingie yakiwa yameiva kabisa. Mbaazi, kunde na ndengu hazina makali hayo, na hulainika mapema zaidi.

Viazi visubiri. Waru iliyoganda ikayeyuka huwa ya majimaji na chembechembe, hivyo mwenye kupenda isyo yenye viazi avitie siku ya kukaanga. Nyanya na kitunguu vilevile huwa vitamu vikikaangwa siku hiyo hiyo.

Sehemu ya safari inayoharibu chakula zaidi, na inayozungumzwa kidogo zaidi, ni saa zilizo kati ya moto na baridi. Mpishi humaliza kuchemsha saa mbili usiku. Sufuria ni nzito, imejaa hadi shingoni, na ndani ya friza hakuna mtu anayeingiza sufuria ya moto. Inafunikwa, inawekwa kwenye sakafu ya jikoni ipoe, na familia inalala. Asubuhi isyo inagawanywa kwenye mikebe na kuingizwa kwenye friza. Kila mmoja anaamini amehifadhi chakula, ilhali sufuria ile imekaa usiku mzima katika joto ambalo vimelea vinalipenda kuliko lote.

Sababu yake ni mbegu za bakteria wawili, Bacillus cereus na Clostridium perfringens. Hukaa kwenye udongo, kwenye nafaka, kwenye mikunde na kwenye nyama, na mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Mchemko huwaua washindani wao na kuwaachia uwanja mtupu. Chakula kikiteremka chini ya nyuzi 60 mbegu huamka, na kati ya nyuzi 30 na 45 huongezeka kwa kasi ya kutisha. Katikati ya sufuria kubwa ya isyo panaweza kukaa kwenye joto hilo saa sita au nane. Mmoja wao, Bacillus cereus, huweza kuacha sumu ya kutapisha ambayo haiharibiki hata chakula kikichemshwa upya. Anayesema atakipasha vizuri kesho anajifariji kwa kitu ambacho moto hauwezi.

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, linasema chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Wakaguzi wa mikahawa katika nchi nyingi huenda mbali zaidi: kutoka nyuzi 60 hadi 21 kwa saa mbili, kisha hadi 5 kwa saa nne zinazofuata. Nyumbani hakuna anayepima, lakini njia ya kufikia hapo si ngumu. Kitu kinachopunguza joto ni upana. Isyo huchujwa maji, humwagwa kwenye masinia mawili matatu kwa unene usiozidi vidole vitatu, hufunikwa kwa neti dhidi ya nzi, na huwekwa penye upepo. Sinia la namna hiyo hupoa ndani ya saa moja hivi. Kinachofuata ni mikebe na friji, friza baadaye.

Jambo hili halihusu isyo pekee. Lasagna, sahani ya Kiitaliano ambayo huko Malindi wanaijua kuliko Mwingi, ina hatari ile ile: nyama, mchuzi, tambi pana na jibini vimepangwa safu juu ya safu katika bakuli lenye kina, na katikati yake hupoa polepole mno. Anayeiandaa mapema huambiwa aipoze, aikate vipande, avifunge kimoja kimoja, avigandishe. Pilau ya harusi, wali wa nazi, mchuzi wa mbuzi na matoke vyote hufuata kanuni hiyo hiyo. Chakula kizito kinagawanywa kabla ya kupozwa.

Ushauri wa vitabu vya ng'ambo husema sufuria iwekwe kwenye beseni la maji ya barafu. Ukambani, ambako mtungi wa maji huweza kuwa umetoka kilomita kadhaa, ushauri huo unahitaji marekebisho. Maji ya beseni hayakuguswa na chakula, na yakishapozea sufuria yanafaa kufulia, kuoshea vyombo au kunyweshea mboga. Asiye na maji ya ziada ana masinia na upepo wa jioni. Vinatosha.

Kikapu cha kupikia bila moto nacho kinahitaji neno. Kimesambazwa Kenya kwa miaka mingi, na kwa maharagwe kinaokoa kuni nyingi: sufuria hutokota kwa muda, huingizwa ndani ya kikapu kilichosheheni vitambaa au sponji, na chakula huendelea kuiva kwa joto lake. Mradi joto liko juu ya nyuzi 60, mambo ni shwari. Likishuka, kikapu kile kile hugeuka kuwa kiota cha bakteria, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia chakula kisipoe. Isyo ya kikapu itolewe ikiwa bado inachoma kidole, irudishwe motoni itokote tena, ndipo imwagwe kwenye masinia. Kulala nayo kikapuni mpaka asubuhi ni kosa.

Friza yenyewe haina mengi, ila ina mipaka ambayo muuzaji haisemi. Uwezo wake wa kugandisha kwa siku ni mdogo kuliko ukubwa wake. Friza ya lita 100 huweza kugandisha vizuri kilo nne hivi za chakula kipya kwa siku moja. Anayeingiza debe zima la isyo kwa mkupuo huipasha joto friza na vyote vilivyokuwa humo, na chakula kipya huchukua siku mbili kuganda katikati. Friji ya mlango mmoja, yenye kile kisanduku kidogo cha barafu juu, mara nyingi haifiki nyuzi 18 chini ya sufuri. Inafaa kwa siku chache, haifai kwa miezi. Na ile friza ya duka, inayouza barafu, maziwa na samaki, ambayo mwenye kibanda humwazima jirani nafasi, hufunguliwa mara kwa mara mchana kutwa. Nyama mbichi ikae chini kabisa na isyo ikae juu, isije damu ikadondokea kilichokwisha kuiva.

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, mikebe ya siagi na ya aisikrimu imekuwa mali ya thamani jikoni. Inafaa kwa baridi. Haikutengenezwa kwa ajili ya chakula cha moto, na hiyo ni sababu nyingine ya kupoza kwanza. Kila mkebe uwe wa mlo mmoja wa nyumba. Mkebe wa watu kumi katika nyumba ya watu wanne utayeyushwa, utabaki, na utarudishwa kwenye friza, na mzunguko huo ndio unaolea vimelea. Kipande cha plasta chenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu kinatosha kuwa lebo. Muthokoi na maharagwe yaliyochemshwa tu hubaki na ladha yake kwa miezi mitatu hadi sita, na vyenye mchuzi na nyama miezi miwili mitatu. Baada ya hapo, kama friza haikuyeyuka, chakula hakijawa sumu. Kimekauka na kupoteza utamu.

Lakini friza huyeyuka. Mradi wa kusambaza stima vijijini ulioanza mwaka 2015 ulizifikishia nyaya nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kuwa nazo, na nyaya hizo hazikuja na ahadi kwamba stima haitapotea. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na tarehe 10 Disemba mwaka huo huo ikaingia tena. Zaidi ya hapo kuna kukatika kwa kawaida baada ya upepo na mvua, na kuna tokeni zinazoisha katikati ya mwezi. Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu huhifadhi kwa saa 24. Friji ya kawaida huhimili saa nne tu. Mwenye nafasi tupu kwenye friza anafanya vyema kuijaza chupa za maji, ambazo zikiganda hushika baridi stima ikipotea na huwa maji ya kunywa zikiyeyuka.

Anayesafiri, tuseme mwalimu wa Kibwezi anayekwenda likizo ya Disemba, ana njia ya kujua yaliyotokea nyuma yake. Kikombe cha maji hugandishwa, na sarafu ya shilingi kumi huwekwa juu ya barafu. Akirudi na kuikuta sarafu juu, friza haikuyeyuka. Akiikuta katikati au chini, iliyeyuka na kuganda tena, na chakula chote kilichopikwa kitupwe hata kama kinaonekana na kunukia vizuri. Hilo humuuma mtu, hasa katika kaunti zilizopita misimu mitano mfululizo ya mvua mbovu kati ya 2020 na 2022. Ila vimelea vinavyowafanya watu waugue haviachi harufu kila mara.

Kuyeyusha kwa isyo ni rahisi kuliko kwa nyama au kwa lasagna. Punje ni ndogo, na huweza kutoka kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye sufuria yenye maji kikombe kimoja, moto wa wastani, mpaka itokote yote na mvuke utoke katikati. Kuiacha mezani tangu asubuhi iyeyuke yenyewe katika joto la Makindu ni kuirudisha kwenye zile saa mbaya. Ipashwe mara moja. Inayobaki hupewa kuku.

Wengi katika kaunti hizi hawana friza, na uchambuzi usiowataja una kasoro. Kabati la mkaa, lile lenye kuta za mkaa unaonyweshewa maji, hufanya kazi vizuri Ukambani kwa sababu hewa ni kavu na maji hukauka upesi yakichukua joto. Huhifadhi sukuma wiki, nyanya na maembe kwa siku za ziada. Haliteremki hadi nyuzi 5, basi lisiwekewe chakula kilichopikwa kwa kudhani ni friji. Asiye na baridi ana njia mbili za kweli: kupika kinachoisha siku hiyo, au kukausha. Majani ya kunde, maembe na ndengu vimekaushwa huku tangu zamani. Kaunti ya Makueni imekwenda mbali zaidi kwa kujenga kiwanda cha Kalamba, ambako maembe husagwa kuwa rojo, hupashwa moto na kufungiwa katika vyombo visivyoingiza vimelea. Rojo hiyo hukaa muda mrefu bila kuhitaji barafu.

Bibi wengi walikuwa na njia ya tatu, ya kuichemsha isyo asubuhi na jioni mpaka iishe. Ilikuwa bora kuliko kuiacha imefunikwa tu, kwa kuwa kila mchemko uliwaua bakteria waliokuwa wameamka. Haikuondoa sumu iliyoachwa kati ya mchemko mmoja na mwingine, na chungu chenye watu wengi kiliisha haraka kuliko sufuria ya leo yenye watu watatu. Siku mbili kwa njia hiyo ni kujaribu bahati.

Hatari kubwa kuliko ya nyumbani iko kwenye shughuli. Mazishi ya Jumamosi yenye watu mia nne hupikiwa Ijumaa usiku, nyama, wali na isyo katika masufuria ya lita mia, na hakuna friza ya kijiji inayoweza kupokea hayo. Kamati ya mapishi ina uamuzi mmoja wa maana: nyama na wali vipikwe alfajiri, vitolewe vikiwa vya moto, na usiku utumike kwa kuchambua mchele, kukata mboga na kuchemsha nafaka zitakazomwagwa kwenye turubai safi kupoa kisha kutokoswa tena.

Kwa nyumba ya kawaida, basi, isyo ya friza ni chakula salama na mpango wake ni wa busara, mradi mahindi yalikuwa makavu na sufuria haikulala sakafuni. Mwenye pesa za kununua kitu kimoja tu mwaka huu, na mahindi yake yanalala chini ya kitanda, anunue turubai na mifuko isiyopitisha hewa. Friza isubiri mavuno yajayo.